Kereng'ende Niliyemtaja Mbele ya Watu

Kaka yangu na mimi hatupendani. Nalisema mwanzoni kabisa ili msomaji asije akafika katikati akaanza kutafuta pa kutupatanisha. Yeye ndiye mkubwa, mimi namfuata, na tangu baba yetu afariki akamwachia malisho kule Isingiro, wilayani Kyerwa, pamoja na chemchemi iliyomo, tumekuwa tukikutana misibani tu, na hata huko kila mmoja anaangalia upande wake. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Bugene. Yeye anafuga. Ananiita "Mwalimu", na anavyolitamka utadhani anataja ugonjwa wa ng'ombe.

Chemchemi yenyewe iko kwenye kunjo la mlima, juu ya malisho. Maji yanatoka chini ya mwamba, yanapita kwenye miti ambayo baba alikataza isikatwe, kisha yanashuka kijito chembamba hadi kwenye nyasi ambako ng'ombe wanakunywa. Pale juu ni baridi hata saa sita mchana. Nilipokuwa mtoto nilichukia kutumwa pale, maana mawe yanateleza na maji yanauma miguu.

Mtaalamu wa wadudu alikuja shuleni kwetu kutoka mjini, akitafuta mtu wa kumwonyesha vijito vya Karagwe na Kyerwa. Mimi na kiherehere changu nikajitokeza. Tulizunguka naye sehemu nyingi tusipate cha maana, hadi siku moja akaniuliza kama kuna chemchemi yoyote ninayoijua ambayo haijaguswa na jembe. Nikamtaja ya kaka. Kaka alituruhusu kuingia bila ubishi, jambo lililonishangaza, na baadaye nikaja kujua ni kwa sababu alidhani tunapima maji.

Tulimkuta kereng'ende huyo pale kwenye kivuli, ametua juu ya jani la mkangaga. Mtaalamu alirusha wavu, akamtoa kwa vidole viwili, akamwangalia kwa kioo chake cha kukuzia, akanyamaza. Alinyamaza hadi nikamuuliza kama ameng'atwa. Akasema huyu hamjui. Mtu aliyezeeka akiwatazama wadudu hawa, anakwambia hamjui.

Mimi, kusema kweli, sikuona cha ajabu. Nilikuja kumwona vizuri maabara ya shule, chini ya darubini, nilipopewa kazi ya kumchora, na kuanzia hapo nikamjua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu.

Watu wakisikia kereng'ende wanamfikiria yule mnene anayetua na mabawa yametandazwa. Huyu ni wa kundi jingine, la wembamba, ambao wakitua wanayakunja mabawa na kuyalaza juu ya mgongo. Dume ana urefu wa njiti ya kiberiti na wembamba wa sindano. Kichwa chake ni kipana kuliko kilivyo kirefu, na macho yamekaa huku na huku, yameachana, sehemu ya juu hudhurungi iliyokolea, sehemu ya chini kijani cha jani changa la mgomba. Usoni, kati ya macho, ana mstari mweupe wa rangi ya maziwa. Kifua ni cheusi, na kila bega lina mstari wa samawati uliokatika katikati. Miguu ni ya njano na imejaa miiba myeusi myembamba. Mabawa ni manne, angavu kabisa, kila moja lina kidoa kidogo karibu na ncha, na kidoa hicho ni chekundu cha udongo wakati jamaa zake wana cheusi.

Halafu kuna tumbo, ile sehemu ndefu ambayo watu wanaiita mkia. Ni jeusi, lina pingili, na kila pingili imevaa pete nyembamba ya njano, isipokuwa mbili za mwisho ambazo ni samawati tupu. Mwishoni kabisa kuna viungo ambavyo dume humshikia jike shingoni wakati wa kupandana. Vile vya chini ni vifupi, havina maajabu. Vya juu ni virefu, vimepinda kuelekeana kama pembe, na upande wa ndani wa kila kimoja kuna jino. Jino hilo hakuna mwingine aliyenalo. Mtaalamu alinifanya nilichore na kulirudia hadi nikamwambia akalichore mwenyewe.

Jike hatukumpata. Mtaalamu alisema hakuna haraka, tutamtafuta msimu ujao. Alikuwa mtu mpole, wa kunikera, anayesema "mdudu wetu" kama vile tumemzaa pamoja.

Kabla msimu huo haujafika, wifi yangu, mke wa kaka, alinipigia simu. Wifi ni mtu mzuri. Sijui alifuata nini kwenye ile nyumba. Akaniambia kaka ameagiza katapila. Atakata ile miti ya baba, achimbe pale mwamba unapotoa maji, atengeneze lambo kubwa la kunyweshea ng'ombe.

Nilimpigia kaka pale pale. Nilimweleza kwamba watoto wa mdudu huyu wanaishi majini, kwenye maji baridi na masafi yenye kivuli, na kwamba ukiyafanya lambo la tope na jua atakwisha, na hatujamwona mahali pengine popote. Alinisikiliza, nadhani alikuwa anatafuna kitu. Kisha akasema, "Mwalimu, kiangazi kile kijito kinakuwa uzi. Ng'ombe wangu wanalamba mawe. Wewe unaniletea habari za nzi." Nikamwambia si nzi. Akasema, "Basi mbu," akakata.

Najua alikuwa na hoja. Sikumwambia, na sasa pia nasema kwa shida. Kiangazi kule si mchezo, nimewaona ng'ombe wanavyosimama mbavu nje wakiangalia maji yasiyofika goti. Lakini kaka yangu hata akiwa na hoja anaitoa kwa namna ambayo unatamani asiwe nayo.

Mtaalamu alizunguka ofisi. Kila mahali walimwambia asubiri, na katapila halisubiri. Mwishowe mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa kijito kinawapitia na majirani, akaitisha mkutano uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya ibada. Akasema Mwalimu aje aeleze huyo mdudu ana nini, kisha kaka aseme lake, watu wasikie, halafu mwenye eneo ataamua. Yaani kaka ataamua. Nilijua, lakini nilikwenda.

Nilipofika sikumwamkia. Alikuwa amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti, na wenzake wafugaji pande zote. Shangazi yetu, dada wa mwisho wa baba, alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa kanisa. Shangazi huyu hampendi kaka na wala hanipendi mimi. Anamwona kaka bahili, mimi ananiona nimechelewa kuzaa na nimewahi kusema. Walau ni mtu wa haki katika kuchukia.

Nilieleza kwa Kiswahili, kama nafundisha kidato cha pili. Nikasema kichwa, kifua, tumbo. Nikaonyesha mchoro wangu mkubwa nilioubandika kwenye ubao wa matangazo ya kwaya. Watu walisikiliza kwa heshima, halafu nilipofika kwenye jino nikaona mabega yanatikisika. Mtu mzima anasimama siku ya Bwana anaeleza jino la nyuma la mdudu. Mtaalamu aliyekaa pembeni yangu akatabasamu nao, mjinga yule, akidhani wamefurahi.

Kaka hakucheka. Alingoja kimya kipatikane, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa, Mwalimu. Sisi hapa tunafuga. Tueleze kama watu. Huyo mnyama wako ana pembe?"

Ndipo walipocheka hasa. Mwenyekiti mwenyewe aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Damu ilinipanda. Nikauacha ubao, nikasogea mbele hadi karibu na magoti yake, nikaacha Kiswahili nikashika Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Nikasema ana pembe. Kwa kuwa pembe zake ziko nyuma, nikaanzia nyuma. Nikazisifu zilivyopinda zikaelekeana, na jino lililomo ndani yake ambalo hakuna ukoo mwingine ulio nalo. Nikapanda kwenye zile pingili mbili za samawati, nikapita pete za njano, nikafika mgongoni. Nikasema mabegani ana mstari uliokatika. Nikasema usoni ana alama nyeupe ya maziwa. Nikasema kwenye ncha ya kila bawa amechorwa bihogo, ule wekundu wa ng'ombe ambao kila mwanamume pale angeuza shati lake aupate zizini. Nikataja macho, nikashuka miguuni, nikamalizia hapo. Nilisema kwa mapigo yale yale niliyomsikia baba akitumia, mkono wa kulia juu, bila kusita hata kidogo. Nilitaka waone kwamba naweza kutaja mnyama kuliko yeye. Kingine sikukifikiria.

Hapa inabidi nieleze kitu. Kwetu, mtu akimpa mwenzake ng'ombe, haandiki popote. Anasimama mbele ya watu, anamtaja huyo ng'ombe kwa kuanzia pembe hadi kwato, mkono wa kulia juu. Hana haja ya kusema "nakupa", kule kumtaja ndiko kutoa. Anayepewa anainua fimbo, anajibu kwamba amempokea na kwamba kwake hatakosa maji. Imekwisha. Kuanzia hapo mnyama ni wake na maji ya mnyama yako juu yake, na aliyetoa hana kauli tena. Ukiondoa wale wa baba na waliozaliwa zizini, ng'ombe wote wa kaka yangu waliingia hivyo, kwa maneno matupu, kutoka kwa watu ambao wengi wao walikuwa wamekaa pale pale uwanjani.

Niliponyamaza, hakuna aliyecheka. Kaka akaona watu wamenigeukia, na hilo hakulipenda. Basi akatafuta namna ya kuwarudisha. Akajinyoosha kwenye kiti, akainua fimbo yake juu kabisa, akasema kwa Kinyambo, kwa sauti ya sherehe, "Nimempokea. Kwangu hatakosa maji."

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Hata mimi nusura nicheke, maana aliigiza vizuri. Aliteremsha fimbo akiwa anafuta machozi ya kicheko.

Shangazi akainuka kwenye kiti chake cha plastiki. Aliinuka taratibu, akiwa amemshika mtu bega, na watu walimngoja wakidhani anakwenda haja. Akasema, "Tumesikia."

Hilo ndilo neno la mashahidi. Wawili watatu wa karibu naye, watu wazima, wakaliitikia kwa mazoea kabla hawajafikiri. "Tumesikia." Kicheko kikaanza kufa kutoka mlango wa kanisa kuja mbele.

Kaka akasema, "Shangazi, huu ni utani."

"Ulipompokea yule ng'ombe mweusi wa jirani yako aliyekaa hapo kulia kwako, ulikuwa utani?" shangazi akamuuliza. "Nieleze nijue. Maana kama fimbo yako ikiinuka mara nyingine ni kweli na mara nyingine ni utani, watu hapa wangependa kujua wakafuate ng'ombe wao."

Yule jirani wa kulia aligeuka. Alimwangalia kaka tu. Na wengine wakamwangalia, wale ambao ng'ombe wao walikuwa wanalala zizini mwake kwa sababu siku moja aliinua fimbo. Nilimwona kaka akiwazungusha macho, uso baada ya uso. Ni mtu mbaya lakini si mpumbavu. Neno lake likianguka pale kwa ajili ya mdudu, linaangukia kila ng'ombe aliyempata kwa neno.

Aliilaza fimbo magotini. Halafu akasema, "Nimempokea," safari hii bila sherehe. Kwa mwenyekiti akasema, "Katapila lisije."

Mtaalamu alinishika mkono kwa furaha, anaangalia huku na huku anauliza kimetokea nini. Sikumjibu kwa sababu kaka alikuwa amesimama na anakuja kwangu.

"Umemtoa," aliniambia, na safari hii alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tumzike baba. "Aliyetoa hamfuati mnyama. Wewe na huyo mzee wako wa nyavu, msikanyage tena kwenye chemchemi yangu. Nikiwakuta nitawatoa kama ninavyotoa wezi."

Nilimwambia hatuna shida na mdudu wake. Uongo mtupu, tulikuwa na shida naye sana, maana jike hatujamwona na bila jike maelezo yetu ni nusu. Lakini ningemwomba? Thubutu.

Alitimiza. Kabla mvua hazijaisha alikuwa amezungushia ile miti yote ua wa minyaa, akaweka lango la fito na kufuli. Ng'ombe wanakunywa chini, kwenye kijito, pale pale pa zamani. Mtaalamu alimfuata mara moja na barua yenye mhuri, akarudi Bugene barua ikiwa imelowa maji ya kijito. Kwenye maelezo tuliyoyapeleka yachapishwe, sehemu ya dume imejaa, kuanzia macho hadi lile jino, na sehemu ya jike tuliandika kwamba hajulikani. Mtaalamu alitaka niende nikambembeleze kaka. Nikamwambia yeye ana dada, akambembeleze dada yake.

Sitajifanya sikufurahi. Nilifurahi mno. Usiku nilikuwa nalala nikikumbuka uso wake shangazi aliposema lile neno, na nalala vizuri.

Kisha kikaja kiangazi, na kilikuwa kirefu. Bugene kwenyewe migomba ilining'iniza majani. Wifi akapiga simu. Safari hii hakuanza na salamu. "Wifi, ndama wanaisha," alisema. Kijito kilikuwa kimekuwa uzi, kisha hata uzi haukuwepo. Kaka alikuwa anaswaga ng'ombe hadi mto Kagera na kurudi, na wale wasio na nguvu walikuwa wanaanguka njiani. Juu, ndani ya ua, maji yalikuwa bado yanatoka chini ya mwamba, machache, na alikuwa hataki mtu aingie hata na ndoo. Majirani walishamwambia afungue achimbe, kwamba hakuna atakayemhesabia kosa, kwamba hata shangazi asingesema kitu. Alikataa. "Nenda ukaongee naye," wifi alisema. "Wewe ndiye uliyempa."

Nilikasirika. Nilimkasirikia wifi, nikamkasirikia kaka, na yule mdudu pia, na mistari yake na pete zake. Siku ya pili yake nilichukua bodaboda hadi Omurushaka, nikapanda gari la Kyerwa, nikashukia njia panda na kupandisha kwa miguu kwenye vumbi. Malishoni niliona ngozi zimetandikwa chini kukauka, na nyingine ilikuwa ya ng'ombe niliyemfahamu, wa uzao wa wale wa baba. Nilipita bila kusimama.

Kaka alikuwa langoni, nje ya ua, amekaa chini. Alikuwa amekonda hadi masikio yamekuwa makubwa. Hakunikaribisha, nami nilisema nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningeshindwa.

"Nimekuja unirudishie mnyama," nilimwambia. "Tumwite shangazi na majirani, umtaje, nimpokee mimi. Ukishamrudisha huna neno ulilovunja. Kesho leta katapila lako uchimbe."

Alichorachora vumbi kwa fimbo. Nilidhani anafikiria. Nikaongeza, na Mungu anajua ilivyoniuma kulitamka, "Kaka, ng'ombe wanakufa. Mimi nimekubali."

Aliinuka. Alilishika lile kufuli akalivuta kuona kama limefunga, kisha akanigeukia, na chuki ilikuwa pale pale machoni, haijapungua hata chembe.

"Uliponipa alikuwa hajanigharimu kitu," alisema. "Sasa ng'ombe wa baba wamelala pale chini kwa ajili yake. Nikikurudishia, wao watakuwa wamekufa kwa ajili ya nini?"

Alikaa tena pale langoni akaninyooshea fimbo njia, nikateremka kwenda barabarani kungoja gari la kurudi.